Mpangaji Asiyelalamika

Tarehe 6 Januari

Mpwa wangu,

Salamu nakupa, ingawa hukuzistahili. Barua yangu ya kabla ya mwaka mpya uliijibu kwa mistari michache kama mtu anayeandika kwenye kiganja. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika kila ninapopanda ngazi za stoo, na daktari kanipima presha akasema nisikasirike. Nikamwambia basi aniandikie dawa ya kuondoa ndugu. Hakucheka. Dada yako kajifungua mtoto wa pili, wa kike, na mumewe tayari anasema kafanana na upande wao. Mtoto hata macho hajafumbua vizuri anafananishwa na watu wenye masikio yale! Mungu amnusuru.

Sasa tuje kwenye nyumba. Najua unapenda simu, lakini mambo ya nyumba tutayaandika kama tulivyokubaliana. Kwenye simu wewe ni "ndiyo Shangazi, sawa Shangazi", halafu nikikata sijui nimeambiwa nini. Kwenye karatasi utalazimika kujaza ukurasa.

Hapa hospitalini kila mtu kawa tajiri wa mdomo. Yule nesi wa wodi ya watoto kanunua kiwanja huko ambako hata kunguru hawajafika, anasema miaka michache ijayo kitauzwa mara kumi ya bei yake. Kila asubuhi akija stoo kuchukua mashuka ananisomea faida ambayo haijazaliwa. Namtazama tu. Baba yako, Mungu amrehemu, alinunua kiwanja cha namna hiyo, akaenda kukiona akakuta wenzake wawili wamesimama juu yake, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri. Tangu siku ile nilisema mimi sitaki kutajirika, nataka kujua tarehe moja itanikuta na nini mkononi. Ndiyo maana nilikupa akiba yangu uninunulie kitu kinachotabirika. Ukanitafutia hicho chumba cha duka chenye kijichumba nyuma, mkabala na kituo cha mabasi, na Kinyozi yumo ndani tayari ananyoa watu. Nilikusifu. Mara moja. Usizoee.

Juni nastaafu, kwa hiyo sasa nauliza kwa umakini. Kuna mtu huku kasema kituo cha mabasi kimehamishwa kwenda upande wa pili wa mji. Ni kweli? Na Kinyozi kalipa?

Shangazi yako


Tarehe 27 Januari

Shangazi yangu, shikamoo.

Pole kwa goti, na hongera kwa mjukuu. Masikio nimeyaona kwenye picha. Tumwachie muda, huenda kichwa kikakua kikayafikia. Mama anakusalimu wewe wifi yake, anauliza kile kitambaa cha meza ulichomwahidi, je, ndiyo kwanza pamba yake inapandwa?

Kazini bado nasaga vioo vya miwani. Bosi kanunua mashine mpya, anaisifu mbele ya wateja kuliko anavyomsifu mkewe, na sisi tunaosaga tumegeuka wa kuifuta vumbi. Wiki iliyopita mteja mmoja karudisha miwani, eti tangu aivae anaona nyumba yake ni chafu. Bosi kamwomba radhi.

Ni kweli, kituo kimehamishwa. Walikuja asubuhi wakang'oa vibanda, na kufika jioni mtaa ulikuwa umebaki na mbwa na karanga zilizomwagika. Lakini usiwe na wasiwasi, nywele zinaota hata pasipo na basi. Kodi imelipwa, nimeiweka benki.

Mimi nimehama. Kile chumba chenye dirisha kubwa nimekiacha, jua la asubuhi lilikuwa linanipiga usoni. Nimepata kidogo zaidi, na kwenda kazini ni karibu. Hakina meza, hivyo nakuandikia juu ya rafu. Ukutani aliyetangulia kaacha kioo kikubwa, kwa hiyo nikila najiona nikila. Nimeanza kuzoea.

Mtii daktari, usikasirike.

Mpwa wako


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu,

Mwambie mama yako pamba imeshavunwa, ila mfumaji yuko kazini, si kama wengine wanaoamka jua limeshachoka. Mimi mzima, goti lile lile. Mtoto wa dada yako kapewa jina la upande wao, kama nilivyotabiri.

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya mafurushi ya mashuka yaliyotoka kufuliwa, nikacheka peke yangu mpaka dobi akachungulia. Si kwa ajili yako. Ni yule nesi! Mvua imenyesha mara moja tu, kaenda kukitazama kiwanja chake, kakuta mto. Simaanishi dimbwi. Mto, tena una vyura wenye familia zao. Muuzaji anamwambia avumilie, kiangazi kikija kitarudi kuwa kiwanja. Siku hizi haji mwenyewe kuchukua mashuka, anatuma mtu.

Wakati huo huo Kinyozi wangu kaondokewa na kituo, kaondokewa na abiria, na kodi kalipa vile vile. Unaelewa maana yake? Maana yake alikuwa analipa kidogo mno. Mpandishie. Na usimpandishie kwa aibu kama unamwomba msamaha. Simama mlangoni, sema neno lako, ondoka.

Na wewe una nini na vyumba? Kile chenye dirisha nilikutafutia mimi kwa miguu yangu hii, enzi goti likiwa goti. Jua la asubuhi! Watu wanalipia kulipata. Haya, hicho kioo angalau kitakufaa, utaona unavyozidi kufanana na baba yako.

Shangazi yako


Tarehe 16 Machi

Shangazi yangu, shikamoo.

Nyumbani wote wazima. Mama anasema kitambaa asikisikie tena mpaka akione. Kazini bosi kaacha kutulipa saa za ziada, anasema mashine yake haidai saa za ziada, na sisi tuige. Tunaiga.

Nilifanya ulivyosema. Nilisimama, nikamtazama usoni, naye akanitazama usoni. Nikamwambia kodi imepanda. Akasema sawa.

Ila Shangazi, niruhusu niseme la moyoni. Huu si ule mtaa niliokusifia. Mama wa chai kafunga. Muuza magazeti kafunga. Fundi wa viatu anakaa mlangoni anagonga misumari kwenye kiatu kile kile tangu Jumatatu, ili mikono isisahau. Mzee wa duka la vitambaa, jirani ya chumba chako, anauza vyumba vyake viwili. Kaandika mlangoni kwa chaki, mvua ikafuta, akaandika tena kwa herufi kubwa zaidi. Nimekuwekea picha ya huo mlango humu kwenye bahasha ujionee mwenyewe. Mtu akikuambia kodi ya mtaa kama huu inatabirika, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hata kama mtu huyo ni mimi.

Uza sasa, kabla na wewe hujanunua chaki. Pesa iweke benki. Riba yake ni ya kuchekesha, lakini haitegemei basi.

Mpwa wako


Tarehe 4 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika zikitetemeka. Mimi mzima. Hapa stoo wameniletea msichana nimfundishe kazi kabla sijaondoka. Anakunja shuka kama anagombana nalo. Nikimwonyesha, ananiambia siku hizi kuna mashine ya kukunjia. Nimewaza nimwozeshe kwa bosi wako.

Uza, uza! Baba yako alinunua bila kufikiri, wewe unauza bila kufikiri. Ukoo mzima una ugonjwa mmoja wa kukimbia, mnatofautiana njia tu. Mimi ninachokiona ni hiki. Mtaa mzima unalia, na mtu mmoja hajachelewa kulipa hata mara moja. Wewe unawatazama wanaolia, mimi namtazama anayelipa. Kituo kimeondoka, kalipa. Nimempandishia, kalipa. Wewe bosi kakunyima saa za ziada tu, tayari umeandika nusu ukurasa wa kilio. Natamani Mungu angenipa mpwa kama Kinyozi. Haandiki barua za kukatisha watu tamaa, anatoa pesa.

Mpandishie tena. Kidogo. Nataka kuona.

Na huyo mzee wa vitambaa, muulize bei ya vyumba vyake. Usijifanye unanunua, jifanye unapita. Ana hofu, na mwenye hofu anauza kwa bei ya hofu. Kiinua mgongo changu kikitoka Juni, nitavinunua vyote viwili. Ikiwa chumba kimoja kwenye mtaa uliokufa kinanilipa hivi, vitatu vitanilisha mpaka siku mtakayonizika. Wenzangu hapa wanaweka pesa zao za kustaafu kwenye viwanja vyenye vyura. Mimi naweka kwenye kitu ambacho nimekiona kikilipa mwezi baada ya mwezi.

Muulize Kinyozi kama ana ndugu wa kazi hiyo hiyo. Awe na tabia kama yake.

Shangazi yako


Tarehe 26 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini msichana wa stoo kaanza kupatana na mashuka. Huku tuko salama. Mama alinipitia kazini, akasema nimekonda. Nikamwambia ni mwanga wa dukani, taa za duka la miwani zinamkondesha kila mtu. Hakuniamini, lakini alikuwa na haraka.

Kinyozi kakubali tena.

Sasa nisikilize, Shangazi. Mtu mmoja si ushahidi. Kazini kwetu mteja akisema haoni, hatumpimi jicho moja tukamtengenezea miwani ya macho mawili. Hicho chumba kimoja kimelipa kwa sababu zake, na sababu hizo huzijui. Huenda Kinyozi ana anayemsaidia. Huenda anaona aibu. Huenda kesho akaumwa. Hakuna mteja anayepita mtaa huu, hivyo kinachotabirika hapa si mtaa wala nyumba, ni yeye peke yake, na yeye ni mtu, anachoka. Ukinunua vile viwili utakuwa umeweka uzee wako wote juu ya mgongo wa mtu mmoja ambaye hujawahi hata kumwona. Kiwanja cha nesi angalau kina mto unaoonekana.

Bei ya mzee nimeiuliza. Ni ndogo mno, na ndiyo inayonitisha. Chumba kimoja paa linavuja, cha pili mlango haufungi mpaka uupige bega. Bei yenyewe sikuandikii, maana ukiiona utaanza kuimba.

Kuna jambo kuhusu Kinyozi nilitaka kukuambia. Nitakuambia ukiwa umetulia. Presha vipi?

Mpwa wako


Tarehe 12 Mei

Mpwa wangu,

Presha ni nzuri. Inapanda ninaposoma barua zako, nikimaliza inashuka. Dada yako na watoto wazima, mume wake bado anaongea.

Bei sikuhitaji uiandike. Ulinitumia picha ya ule mlango ili nitishike, nami nikaisoma namba ya simu ya mzee, kaiandika kwa chaki chini ya tangazo lake. Nimempigia. Bei kanitajia mwenyewe, na kweli niliimba.

Sasa ngoja nikuambie ninavyokusoma. Ulisema niuze. Nilipokataa ukasema mtaa umekufa. Nilipotaka kununua ukaleta paa, ukaleta mlango, ukaleta macho mawili. Bei ukaijua ukanificha. Na huyu Kinyozi, mtu asiye na doa, ghafla ana sababu zisizojulikana na atachoka. Nikajiuliza, mtoto huyu anafaidika na nini? Nimepata jibu. Unavitaka vyumba hivyo mwenyewe. Unasubiri mzee afe moyo kabisa, ununue kimya kimya kwa bei ya karanga, na Shangazi akija kuzeekea huko akukute umeshakuwa mwenye nyumba jirani. Kama ndivyo, sema. Baba yako alikuwa mjinga wa kutupwa, lakini kijicho hakuwa nacho.

Mimi si mteja wako wa miwani. Pesa inatoka wiki ya pili ya Juni. Kama una jambo la kweli kuhusu Kinyozi, kalamu unayo, karatasi unayo. Andika.

Shangazi yako


Tarehe 3 Juni

Shangazi yangu, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Mama mzima.

Lile neno la kijicho nililisoma, nikaikunja barua, nikaenda kazini, nikaharibu vioo vya mteja. Bosi kavikata kwenye mshahara wangu. Mimi wa kununua vyumba, Shangazi? Hata bawaba ya mlango siwezi.

Nakuomba usinunue. Kinyozi anakudanganya. Si mtu unayemdhania. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, maana kila nikifika kwenye sentensi inayofuata nakuona umekaa juu ya hayo mafurushi unaisoma, namkumbuka na daktari wako, kalamu inasimama. Mimi ndiye niliyekuambia mtaa huu ni wa uhakika. Mimi ndiye niliyekuambia nywele zinaota. Kwa hiyo nisikilize hivyo hivyo bila sababu, mara moja tu katika maisha yako. Usinunue.

Kodi ya mwezi huu nimeiweka benki.

Mpwa wako


Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Kinyozi ananidanganya, halafu kodi yake umeiweka benki. Kama huo ndio uongo, naomba dunia nzima inidanganye.

Wameniaga jana. Keki ndogo, hotuba ndefu, na mkuu wa hospitali kakosea miaka yangu ya kazi, kanipunguzia. Msichana wa stoo kalia. Nikamwambia alie huku anakunja. Nesi wa kiwanja alinikumbatia akanong'ona, "Wewe ndiye mwenye akili peke yako humu." Nilitaka kubisha kwa heshima, sikuweza.

Pesa imetoka. Usijibu barua hii, haitanikuta.

Shangazi yako


Tarehe 20 Juni, chumbani kwa Kinyozi

Mwanangu,

Usinisalimie kwanza. Ukifungua mlango utanikuta nimekaa kwenye godoro lako, maana kiti hakuna. Chukua karatasi hii uisome mpaka mwisho, ndipo useme. Nimeamua kuandika kwa sababu nikianza kwa mdomo nitakurushia kitu, na humu hakuna hata cha kurusha.

Nilifika jana. Asubuhi ya leo nimekutana na mzee wa vitambaa kwa wakili, tumetia sahihi, nimetoa pesa, nimepewa funguo. Mzee aliandika jina lake mbio mbio kama mtu anayeogopa wino utaisha. Hapo tu ningeshtuka. Sikushtuka, nilikuwa na furaha. Tulipofika mtaani nikamwambia anipeleke kwa Kinyozi, nina zawadi yake. Nilimnunulia taulo, jeupe, zito, la kuwafunga wateja shingoni. Mzee akaniuliza, kinyozi yupi? Yule kaondoka wiki ile ile kituo kilipoondoka. Humo analala kijana mmoja mpole, anasaga miwani.

Hakunitapeli. Mambo ya wapangaji sikumuuliza, nilimuuliza bei tu, kwa kuwa hayo nilijiona nayajua kuliko yeye. Akanionyesha unapoficha ufunguo, akaniaga, akashika njia bila kugeuka nyuma.

Basi nimekaa humu. Nimekiona kioo. Nimeyaona matundu ya skrubu sakafuni, palipokuwa na kiti cha kunyolea, na godoro ulilolitandika juu yake. Nimeiona aproni yako msumarini na vumbi lake jeupe. Nimekumbuka ulivyoniandikia kwamba ulimtazama usoni naye akakutazama usoni.

Mjinga wewe. Mjinga wa kusomeshwa! Daktari kasema nisikasirike, ukamwamini daktari kuliko unavyonijua mimi. Mtu aliyemaliza ujana wake akipokea mashuka yenye damu za watu, unadhani angeanguka kwa sababu kinyozi kahama? Ningetukana, ningelala, asubuhi ningeamka. Chumba kingekuwa kitupu na mimi ningejua kuwa ni kitupu, na kiinua mgongo changu leo kingekuwa benki kinapata hiyo riba yako ya kuchekesha. Nimejilinda na wauza viwanja. Nimejilinda na wanaume wawili walioupenda mshahara wangu. Kujilinda na mtu anayenilipa, hilo sikujua kama linahitajika.

Na mimi nisijifanye malaika, maana humu ndani kuna kioo na hakinipi nafasi. Nimepanga vyumba vya watu nusu ya maisha yangu. Sijawahi kupandishiwa kodi nikasema sawa. Mara ya mwisho nilimtukana mwenye nyumba mpaka paka wake akatoka nje. Mpangaji wa kusema sawa hajazaliwa, na nilipompandishia mara ya pili akasema sawa, kitu kilinichoma hapa chini ya mbavu. Nikajitia hamnazo. Nilimtaka awepo. Nesi alijidanganya kwa kiwanja, mimi nilijidanganya kwa adabu ya mtu ambaye hakuna hata siku moja niliyotaka kumsikia sauti. Nikakuita mwenye kijicho. Hilo neno nalirudisha kwangu mwenyewe.

Sasa nina vyumba vitatu kwenye mtaa usio na mtu, na pesa ya uzee sina. Kesho nitapiga hesabu. Tutakaa humu, wewe na mimi, tutapaka rangi, tutatafuta watu, wakikosekana tutauza kwa hasara kama alivyouza mzee. Tarehe moja itanikuta na nini mkononi, sijui. Leo sitaki kuiwaza.

Leo nilitaka nikupikie ukute chakula cha moto. Nikafungua sufuria zako mbili. Moja ina maji. Ya pili imeota kutu chini, haijaona moto siku nyingi. Kwenye rafu nimekuta chumvi na majani ya chai. Nikapekua kila kona, mpaka chini ya godoro, nikidhani labda unaficha panya wasile. Nilikupandishia kodi mara mbili, mwanangu, nikicheka, nimekaa juu ya mashuka safi. Nimelia humu ndani, na usimwambie mama yako.

Sitaki barua nyingine. Weka karatasi hii chini, kaa hapa karibu yangu, unijibu kwa mdomo: miezi yote hii ulikuwa unakula nini?